Kusajili biashara ya nguo Tanzania Bara: kutoka jina la BRELA hadi leseni

Kabla hujaagiza lebo za kushonea kwenye magauni, sajili jina. Mafundi wengi huanza na lebo, mifuko na ukurasa wa Instagram, kisha wakifika BRELA, wakala wa serikali unaosajili biashara, jina linakataliwa kwa sababu linafanana na la aliyetangulia. Lebo zilizokwisha kuchapwa hakuna anayezipokea tena.

Andaa namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), namba ya simu, barua pepe yako na anwani kamili ya unapofanyia kazi, pamoja na mtaa na kata. Tafadhali usitumie barua pepe ya kijana wa stesheneri. Taarifa zote za maombi hupitia humo, na siku akihama utahangaika kuipata akaunti yako.

Ingia ors.brela.go.tz, fungua akaunti, kisha tafuta kama jina unalolitaka limeshachukuliwa. Kuongeza “Fashion” au “Collection” mbele ya jina la mwenzio hakutakusaidia, kwa hiyo njoo na majina mawili matatu yenye neno lako mwenyewe. Kwenye shughuli, taja kila unachofanya: kushona, kuuza nguo rejareja, kuuza vitambaa. Mfumo utakupa fomu. Ichapishe, isaini, iskani, uipandishe tena. Ukishapata kumbukumbu namba ya malipo, lipa mwenyewe kwa simu au benki. Ada ni Sh 20,000: 15,000 ya usajili na 5,000 ya utunzaji wa jina, ambayo utaendelea kuilipa kila mwaka. Ukikubaliwa, pakua cheti pamoja na dondoo yake (muhtasari wa taarifa za usajili), kwani vyote viwili utaombwa mbele ya safari.

Sasa nenda TRA, Mamlaka ya Mapato, kuchukua TIN, yaani namba ya mlipakodi. Hailipiwi. Kitakachokugharimu ni makadirio ya kodi, na hapa naomba usome taratibu. Mfanyabiashara mdogo hukadiriwa kwa mauzo ya mwaka. Yasipozidi Sh milioni 4, kodi ya mapato hakuna. Yakiwa kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu za mauzo hulipa Sh 100,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Fundi aliyeuza milioni 5 na daftari lake liko sawa atalipa Sh 30,000. Jirani yake mwenye mauzo yaleyale, anayehesabu kwa kichwa, atalipa zaidi ya mara tatu. Basi andika kila oda: tarehe, bei, malipo ya awali, salio, na tunza risiti za vitambaa, uzi na zipu.

Ukiwa na fremu ya kupanga, TRA watauliza mkataba. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango, na kodi ya zuio ya asilimia 10. Zuio ni kodi ya mwenye fremu. Wewe unaikata kwenye pango na kuipeleka. Wenye fremu wengi hutaka pango lao kamili, na mpangaji hujikuta akilipa zuio kutoka mfukoni mwake. Lizungumzeni kabla hujasaini, maana baada ya hapo huna nguvu tena.

Ukishapata uthibitisho wa TRA kuwa hudaiwi kodi, omba leseni ya biashara halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI, tausi.tamisemi.go.tz. Pandisha TIN, dondoo ya BRELA na mkataba wa pango. Ukikwama, afisa biashara wa halmashauri ndiye wa kumwona. Leseni hudumu mwaka mmoja, nayo ibandike mahali inapoonekana.

Imebaki lebo yenyewe. Cheti cha jina la biashara hakimzuii mwingine kubandika jina lako kwenye mashati yake. Ulinzi huo hutokana na alama ya biashara, ambayo nayo huombwa BRELA. Alama huombwa kwa daraja la bidhaa: nguo, viatu na kofia ziko daraja la 25. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida, na wenye pingamizi wana siku 60. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Lakini ulinzi huo ni wa Bara peke yake. Unayepeleka mzigo Unguja, peleka ombi jingine BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa Zanzibar.