Kabla hujaanza mazoezi na klabu ya triathloni, weka haya sawa kwanza

Karibu kila anayekuja klabu ya triathloni, mchezo wa kuogelea, baiskeli na kukimbia mfululizo, mara ya kwanza anakuja na wasiwasi mmoja, je nitawaweza hawa watu? Huo wasiwasi uache. Pumzi inakuja yenyewe ukihudhuria. Kinachotakiwa kukushughulisha wiki za mwanzo ni kwamba wewe huijui klabu na klabu haikujui wewe, alafu mnaingia pamoja majini na barabarani, sehemu ambazo mtu akiteleza anaumia kweli. Soma mpaka mwisho usiruke.

Daktari kwanza. Kama umekaa miaka bila mazoezi, au una presha, sukari, pumu, au kwenu kuna mtu alianguka ghafla kwa moyo akiwa bado kijana, kapimwe kabla. Na ukiwa mazoezini ukasikia kifua kinabana, kizunguzungu, au moyo unaenda ovyo, unasimama na unasema hapohapo, usikaze roho.

Jua unajiandaa na umbali gani. Sprinti ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na 5 za kukimbia. Umbali wa Olimpiki, ambao ndo ulitumika mchezo huu ulipoingia Olimpiki Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500, kilomita 40 na kilomita 10. Ironman ni kilomita 3.8 majini, 180 za baiskeli na marathoni nzima juu yake. Sasa klabuni utawakuta watu wa umbali wote huo wanafanya mazoezi siku moja, na mgeni anamwona mwenzie anapiga masaa manne juu ya baiskeli anamfuata tu, kumbe yule anajiandaa na kitu kingine kabisa. Mwambie kocha siku ya kwanza unataka nini, umetoka wapi kimazoezi na una jeraha gani la zamani, usimwachie akisie.

Vifaa visikusumbue. Baiskeli yoyote nzima yenye breki mbili zinazoshika, helmeti inayokubana vizuri, miwani ya kuogelea isiyovuja, viatu vya kukimbilia ambavyo umeshavizoea. Siti ipande mpaka goti likunje kidogo tu pedali ikiwa chini kabisa, ikiwa chini sana magoti yatakulilia. Beba tyubu ya akiba, pampu na vijiti vya kutolea tairi, na ujifunze kubadilisha tyubu ukiwa nyumbani umetulia, sio barabarani watu wakikusubiri. Angalia pia ncha za usukani kama zina vizibo, manake bomba likiwa wazi ukianguka linakata nyama. Viatu vya kujifunga kwenye pedali viache kwanza, na ukianza navyo fanyia mazoezi umeshika ukuta mpaka mguu uchomoke bila kufikiria.

Kuogelea, sikiliza vizuri. Bwawani kuna mstari chini, kuna ukuta wa kushika na maji unaona mpaka chini, ziwani au baharini hakuna hata kimoja. Mtu anayemaliza mita elfu bwawani bila shida anaweza kushikwa na hofu mita hamsini tu kutoka ufukweni, pumzi zinakuwa fupi fupi na mikono inaanza kupiga maji bila kwenda popote. Ndo maana kabla ya siku hiyo ujue kujilaza chali na kuelea ukipumua mpaka utulie, hiyo ni muhimu kuliko spidi. Maji yakiwa baridi usijirushe, ingia taratibu, lowesha uso na shingo, pumzi itakatika kwa dakika moja mbili alafu itarudi, ndo uanze kuogelea. Zoea kuinua macho kidogo kila baada ya mikono kadhaa uangalie unakoelekea. Kofia ya rangi kali, boya la kuburuta, na usiingie peke yako hata kama maji yametulia kiasi gani. Ukianza kukohoa na pumzi inakuwa nzito isivyo kawaida, hasa kikitoka povu lenye rangi ya damu, unatoka majini na unaenda hospitali, hiyo ni maji kwenye mapafu na haisubiri umalize mzunguko.

Sasa baiskeli kwenye kundi, na hapa nitakaa, manake hapa ndo nimeona mtu anaumia mbele ya macho yangu.

Anayeendesha nyuma ya mwenzie anakingwa upepo, anatumia nguvu kidogo kwa spidi ileile. Ni raha, na mgeni akishaionja anasogea karibu, karibu zaidi. Sheria ya kwanza ya kundi ni kwamba tairi lako la mbele lisiingie ubavuni mwa tairi la nyuma la aliyekutangulia. Kaa nyuma yake, au toka upite, usikae katikati.

Kulikuwa na jamaa ametoka kwenye mbio ndefu, ana miguu ya chuma, kwenye kukimbia alikuwa anatuacha wote. Siku yake ya kwanza ya baiskeli alichelewa, akatukuta tunaondoka, kwaiyo maelezo anayotoa kocha pale mwanzo hakuyasikia, akaunga tu mkiani. Nguvu alikuwa nazo za kumaliza njia yote bila kuhema. Mimi nilikuwa nyuma yake. Barabara imenyooka, hakuna gari, watu wanapiga stori, na naona tairi lake la mbele limechomoza kushoto mwa tairi la mwenzie, kama upana wa kiganja hivi. Nikamwita arudi nyuma, na wakati nageuza mdomo kumwita, yule wa mbele yake akaona shimo akalikwepa, kidogo sana, hata nusu hatua haifiki, tena bila kutoa ishara. Raba ikagusa raba, ikalia mara moja. Usukani wake ukageuka ghafla na akawa chini kwa bega, na yule wa mbele akaendelea kukanyaga kama hakuna kitu mpaka tulipopiga kelele.

Hapo elewa kwa nini. Tairi la nyuma la wa mbele halikati kona, limesimama palepale kwenye fremu, likiguswa linatikisika tu kidogo. Tairi lako la mbele ndilo unalojishikilia nalo usianguke, likizuiwa hata sekunde moja huna tena cha kukuweka wima. Kwaiyo mkigusana ni wewe wa nyuma unayeanguka, hata kama kosa ni la wa mbele.

Aliinuka anasema niko poa kaka, nipe tu baiskeli. Huku ameshika kiwiko cha kushoto kwa mkono wa kulia na hawezi kukiachia, na chini ya jezi unaona kabisa mtulinga umepanda juu haupo mahali pake. Tukamkalisha. Helmeti nje ilikuwa na mchubuko tu, tulipoigeuza ndani povu lile gumu limepasuka kutoka mbele mpaka kisogoni. Helmeti ikishapiga chini haivaliwi tena hata kama inaonekana nzima, elewa hilo.

Lakini kilichotusumbua zaidi kikaja baada ya pale. Akaanza kuuliza swali lilelile, tumefika wapi, tunajibu, anauliza tena. Kichwa kilikuwa kimetikisika. Simu yake ina nywila na anaikosea. Hakuna kati yetu aliyejua jina lake la pili, wala anaishi na nani, wala kama kuna dawa anatumia au dawa inayomdhuru. Watu kibao tumesimama pembeni ya barabara, tunampenda, tunataka kumsaidia, na hatujui wa kumpigia. Hospitali wakauliza maswali hayohayo na sisi tunaangaliana. Ndugu zake walimpata baadae sana, baada ya mmoja wao kupiga yeye simu ikaita mfukoni. Mfupa uliunga na jamaa amerudi, anaendesha vizuri tu, ila yale masaa ambayo watu wa nyumbani kwake hawajui yuko wapi bado yananikaa.

Kwaiyo kabla ya wiki ya kwanza andika karatasi, jina kamili, namba mbili za watu wako wa karibu, ugonjwa ulionao, dawa unazotumia na zile zisizokupatana. Iweke kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko wa nyuma wa jezi, sio kwenye begi unaloliacha kwenye gari. Kwenye simu weka namba za dharura zinazosomeka bila kufungua nywila, simu nyingi zina hiyo sehemu. Na namba hizohizo mpe kiongozi wa klabu aziandike, asipokuomba mlazimishe. Mgeni ndo anayehitaji hili kuliko wote sababu wakongwe wanajuana mpaka majumbani.

Fika mapema usikie maelezo. Jifunze ishara zao za mikono za shimo, gari, kusimama, kila klabu ina namna yake kidogo. Nyoosha njia yako, usifunge breki ghafla, ukitaka kunywa maji rudi nyuma ya kundi kwanza. Earphone acha nyumbani.

Kukimbia mara baada ya baiskeli miguu inakuwa mizito ajabu, hiyo ni kawaida na inazoeleka, ila anza na dakika kumi tu. Usiongeze kuogelea, baiskeli na kukimbia vyote wiki moja, ongeza kimoja. Maumivu ya misuli ya kesho yake yanapita, maumivu ya sehemu moja kwenye mfupa yanayozidi kila ukikimbia hayo hayapiti, pumzika uonwe. Kunywa ukisikia kiu, usijijaze maji tu, manake maji mengi kupita kiasi yanashusha chumvi ya mwili na hiyo nayo inalaza watu. Helmeti ifungwe kabla hujagusa baiskeli na ifunguliwe ukishaiweka, ndo sheria ya mashindano, ianze mazoezini.

Ukiwa na homa usije. Radi ikisikika toka majini. Na mvua ikiwa imenyesha angalia rangi nyeupe za barabarani na vifuniko vya chuma, vinateleza vibaya, punguza mwendo kabla ya kufika kona, ukishaingia kwenye kona breki usiiguse.