Kupanga Spika Sebuleni ili Muziki Usikike Vizuri
Kabla ya kutoa fedha kununua amplifaya ya bei kubwa, hamisha kwanza spika ulizonazo, kwa kuwa mahali zinapokaa hubadilisha sauti kuliko wengi wanavyodhani. Ziondoe karibu na kuta, na hasa kwenye kona, kwani huko besi huvimba mpaka mwimbaji akasikika kama yumo ndani ya pipa. Sentimita 50 hadi 100 kutoka ukuta wa nyuma ni mwanzo mzuri. Kisha pima ili umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kila spika hadi kwenye kiti chako, tuseme mita 2, na kile kijispika cha sauti nyembamba kiwe usawa wa masikio yako ukiwa umeketi. Waya wa tundu jekundu la amplifaya uende kwenye tundu jekundu la spika; ukigeuza kwenye spika moja tu, besi hufifia.

Sakafu ya vigae na kuta tupu, ambazo ndizo za nyumba zetu nyingi, hurudisha sauti kwa ukali. Tandika zulia nene mbele ya spika, kisha umwombe mtu asogeze kioo taratibu kwenye ukuta wa pembeni: pale utakapoiona spika ndani ya kioo ukiwa kitini, ndipo pa kutundika pazia zito au kuweka kabati la vitabu.

Jaribu kwa taarabu ya zamani unayoijua vizuri. Mimi husikiliza nyuzi za kanuni, ile ala ya taarabu yenye nyuzi nyingi: zikisikika moja moja, na mwimbaji akasimama katikati, mahali pasipo na spika yoyote, huzima taa na kuacha kusogeza vitu.