Kantangaze kwenye nyanya: mwanzie kitaluni, usisubiri tundu kwenye tunda

Wakulima wenzangu wa nyanya, ukingoja mpaka uone tundu kwenye tunda ndo ukimbilie duka la pembejeo ujue umeshachelewa, maana huyu kantangaze ni kiwavi wa nondo mdogo, muda mwingi yuko ndani, ndani ya jani, ndani ya shina, ndani ya nyanya yenyewe, na sumu nyingi hazimfikii huko. Asili yake Amerika Kusini, Hispania aliingia 2006, kwetu Tanzania 2014, na hilo jina ni hasara aliyofanya ndo imempa, yaani nenda ukanitangaze.

Kumjua chuma jani lenye baka ulinyanyue ulitazame juani. Ukiona kanjia kembamba kamepindapinda kama nyoka, hao ni vidomozi wa kawaida. Kantangaze baka lake pana, nyama ya jani imeliwa zimebaki ngozi mbili tu, na katikati utaona vinyesi vyeusi na kiwavi mdogo wa kijani au rangi ya maziwa. Kwenye tunda angalia pale kikonyo kilipo, anapenda kuingilia hapo.

Sasa kazi. Kitalu funika na neti yenye matundu madogo sana, mche ukitoka na mayai unamhamishia mwenyewe shambani. Siku unayopandikiza weka na mtego wa feromoni, yaani harufu ya nondo jike inayovuta madume: beseni la maji na sabuni kidogo, kile kivutio unakining'iniza juu yake karibu na maji. Unanasa madume tu kwahiyo mtego peke yake haumalizi tatizo ila unakwambia kaingia, ukiona nondo wanaongezeka anza kukagua majani kila baada ya siku mbili tatu.

Piga dawa viwavi wakiwa wadogo, jioni, na ubadilishe kundi la kiambata, yaani ile sumu yenyewe iliyomo ndani, sio jina la chupa. Mi msimu mmoja nilipiga ileile mara nne mfululizo, ya nne viwavi wanatembea tu, na nilishatumia hela ya mbolea. Duka lingine linakuuzia chupa mbili majina tofauti kumbe kiambata kimoja, soma kibandiko mwenyewe, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna uziheshimu, kuna watoto wanakula hizo nyanya.

Nyanya zilizotobolewa jamani msizitupe kwenye matuta!! Kiwavi anatoka anaingia kwenye udongo, anageuka buu, anarudi nondo. Zikusanye uzizike chini kabisa au uzifunike na nailoni nzito, kingo ukandamize na udongo, jua lizipike. Mnavu na ndulele za pembeni ng'oa, anazaliana humo.

Na matenga yanayorudi kutoka sokoni yakung'ute na uyaoshe mbali na shamba, mabuu yanajificha kwenye nyufa. Ukimaliza kuvuna ng'oa mashina wiki hiyohiyo, msimu unaofuata hapo weka mahindi au vitunguu.