Matufaha ya sukari: jinsi ya kupata ganda gumu linalong'aa nyumbani

Mtu aliyezoea kupika visheti ana nusu ya ujuzi unaohitajika kutengeneza matufaha ya sukari, na nusu ya pili ya ujuzi wake ndiyo itakayomharibia kazi. Katika visheti tunachemsha shira mpaka iwe nzito, kisha tunaikoroga makusudi ili sukari ijirudi chembechembe na kuvivika visheti weupe ule mkavu. Katika matufaha tunataka kinyume chake, yaani ganda jembamba na gumu, linaloonyesha tunda lililomo ndani mithili ya kioo, lisilo na hata chembe moja ya sukari iliyojirudi. Shira ni ileile ya sukari na maji. Tofauti iko katika kiasi cha maji kinachobaki ndani yake, na katika mkono wa mpishi, ambao safari hii unatakiwa kutulia.

Wamarekani husimulia kwamba mwanzilishi wa matufaha haya ni William W. Kolb, mtengenezaji wa peremende wa mji wa Newark, New Jersey. Mwaka 1908 alikuwa akijaribu peremende nyekundu za mdalasini kwa biashara ya Krismasi, akachovya matufaha katika shira yake na kuyaweka dirishani ili yavutie wateja, lakini wateja wakayataka matufaha yenyewe, naye akayauza kwa senti 5 kila moja. Waingereza nao hula ya kwao hasa tarehe 5 Novemba, usiku wa kuwasha mioto na kurusha fataki. Wachina wa kaskazini wana tanghulu, matunda madogo mekundu yenye ukali yanayotungwa kwenye kijiti na kuvikwa sukari, yakauzwa mitaani wakati wa baridi, hewa ikiwa kavu. Neno hilo la hewa kavu lishikwe vizuri, maana mpishi wa Tanga au Mombasa atalikumbuka mara tu matufaha yake yatakapokuwa tayari.

Chagua matufaha madogo, magumu na yenye ukali kidogo. Ganda la sukari ni utamu mtupu, kwa hiyo tunda tamu sana na laini halina cha kulipinga, na baada ya kung'ata mara mbili mlaji huchoka. Aina ya kijani iitwayo Granny Smith ndiyo inayofaa zaidi, nayo hupatikana katika maduka mengi ya miji yetu, ingawa huwa imesafiri kutoka mbali. Matufaha ya Lushoto na ya Njombe yanafaa pia, mradi yawe magumu na yasiwe yamechubuka. Tunda la kiasi cha gramu 150 linatosha, kwa sababu kubwa kuliko hilo huelemea kijiti na humshinda mtoto kulimaliza.

Adui wa kwanza ni nta. Tufaha lina nta yake ya asili, na matufaha mengi yanayouzwa katika maduka makubwa huongezewa nyingine ili yang'ae na yasinyauke upesi. Shira haishiki juu ya nta. Huteleza, au hushika kwa muda kisha ikabanduka vipande vipande. Chemsha maji, tia siki kijiko kimoja, chovya kila tufaha kwa sekunde tano hadi kumi, litoe na ulisugue kwa kitambaa safi likiwa bado moto. Usilizidishie muda ndani ya maji, maana ngozi yake itaiva na kulegea. Baada ya hapo yaache matunda yakauke kabisa, saa moja au zaidi, katika joto la kawaida la chumba. Tufaha lililotoka kwenye friji hutoa jasho, na tone moja la maji likikutana na shira yenye moto mkali hugeuka mvuke papo hapo na kuacha mapovu ndani ya ganda.

Ng'oa kikonyo, kisha chomeka kijiti kinene mahali hapohapo mpaka kifike karibu na katikati ya tunda. Vijiti vyembamba vya mishikaki havifai kimoja kimoja, kwani tunda huzunguka juu yake, bali ukivishika viwili pamoja na kuzikata ncha zake kali vinafanya kazi nzuri. Tandaza karatasi ya kuokea juu ya sinia na uipake mafuta kidogo kabisa. Haya yote yawe tayari kabla jiko halijawashwa, kwa sababu shira ikishafika pale inapotakiwa haikupi nafasi ya kwenda kutafuta sinia.

Kwa matufaha sita hadi manane utahitaji gramu 400 za sukari nyeupe, ambazo ni vikombe viwili, mililita 180 za maji, na mililita 120 za glukosi ya maji, ile nzito inayouzwa katika maduka ya vifaa vya keki. Glukosi haiwekwi kwa ajili ya utamu. Kazi yake ni kujipenyeza kati ya chembe za sukari na kuzizuia zisikutane na kujipanga upya, jambo ambalo lingeifanya shira kuwa na ukungu na mchanga mchanga. Ukiikosa, weka badala yake kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu au siki nyeupe. Uchachu ule, ukisaidiwa na moto, huvunja sehemu ya sukari na kuifanya igeuke glukosi na fruktosi humo humo ndani ya sufuria. Usiongeze kijiko cha pili kwa kudhani kwamba kheri huzidi, kwa sababu fruktosi hunyonya unyevu wa hewani, na ikiwa nyingi ganda litanata mikononi. Asali ina fruktosi nyingi, kwa hiyo haifai kabisa kwa kazi hii. Sukari ya rangi ya kahawia nayo iachwe kwa chai, maana vilivyomo ndani yake huungua kabla shira haijawa tayari.

Rangi nyekundu si lazima. Mimi huona kwamba shira isiyotiwa rangi, juu ya tufaha jekundu lililochaguliwa vizuri, inapendeza kuliko ile nyekundu ya damu ambayo watu wameizoea kwenye picha. Anayeitaka aiyeyushe rangi ya chakula ya unga katika maji tangu mwanzo, kiasi cha ncha ya kisu, akijua kwamba kuanzia hapo macho yake hayatamsaidia sana, kwa sababu wekundu huficha dalili za kuungua. Kuhusu viungo, mdalasini wa Kolb bado hauna mshindani, na iliki inafuata kwa karibu. Usitumie vya unga, kwani huacha vumbi ndani ya ganda na huungua chini ya sufuria. Chemsha vijiti viwili vya mdalasini, au punje chache za iliki zilizopasuliwa, katika maji, chuja, kisha pima zile mililita 180 kutoka katika maji hayo yaliyochujwa.

Sasa kuhusu moto. Tumia sufuria nzito na yenye kina, ambayo shira ikiwa imetulia haifiki nusu yake, maana itafura inapochemka. Sufuria nyembamba za alumini huunguza sehemu moja wakati nyingine bado haijaiva. Shira hii itafika kwenye joto linalopita la maji yanayochemka kwa nusu nzima, na ikimdondokea mtu haichuruziki kama maji, bali hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Kwa hiyo weka karibu beseni la maji baridi, vaa nguo yenye mikono mirefu, na watoto wakae mbali mpaka matunda yapoe, hata kama ndio walioomba yatengenezwe. Akiungua mtu, sehemu hiyo iwekwe chini ya maji yanayotiririka kwa dakika ishirini, na isipakwe dawa ya meno wala mafuta.

Tia sukari, maji na glukosi katika sufuria, washa moto wa wastani, na ukoroge taratibu kwa mwiko mpaka sukari iyeyuke yote, kabla haijaanza kuchemka. Ikianza kuchemka, toa mwiko na usiurudishe. Chembe moja ya sukari iliyokauka ukingoni mwa sufuria, ikisukumwa na mwiko na kuangukia ndani, inatosha kuwa mbegu ambayo sukari yote itajikusanya kuizunguka, na hapo utakuwa umepika shira ya visheti. Ili kuondoa chembe hizo, funika sufuria kwa dakika mbili au tatu tangu inapoanza kuchemka, mvuke uzioshe kuta zake, au pitisha brashi iliyolowa maji pembeni. Kisha funua na uache maji yatoke.

Mvumilivu atafaidika hapa, kwa sababu kipimajoto kitakaa kwa muda mrefu kati ya nyuzijoto 105 na 115 za Selsiasi kana kwamba hakuna kinachoendelea. Kwa kweli maji ndiyo yanayoondoka wakati huo, na kadiri yanavyopungua ndivyo joto linavyopanda. Likipita 140 hupanda haraka, na mpishi hatakiwi kuondoka jikoni. Lengo ni kati ya nyuzijoto 149 na 154, ambapo maji yaliyobaki ni kiasi cha asilimia moja tu. Vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Katika miji iliyo juu kama Nairobi, ambako maji huchemka karibu na nyuzijoto 95, shira nayo huwa tayari mapema kwa tofauti hiyohiyo. Njia nyepesi ni kukitia kipimajoto katika maji yanayochemka kabla ya kuanza, kuona kimepungukiwa kiasi gani chini ya 100, na kupunguza kiasi hicho katika lengo lako. Kipimajoto chenye kasoro kitasahihishwa na hesabu hiyohiyo.

Asiye na kipimajoto atumie bakuli la maji baridi, na kwa jiko la mkaa, ambalo moto wake hauongozeki kirahisi, hata mwenye kipimajoto afanye hivyo. Dondosha shira kidogo ndani ya maji kwa kijiko kikavu. Mwanzoni itakuwa donge laini linalofinyangika, baadaye nyuzi zinazopinda kabla ya kukatika, na mwisho nyuzi zinazovunjika kwa mlio zisipinde hata kidogo. Kipande cha hatua hii ya mwisho ukikitafuna hakishiki menoni. Ukikatisha mapema, kwenye nyuzi zinazopinda, utapata matufaha mazuri kwa macho ambayo yatang'oa meno ya wageni. Kila unapopima, inua sufuria kutoka motoni, kwa sababu sekunde thelathini zinatosha kuivusha shira mpaka kwenye uchungu.

Ikifika, zima moto na usubiri mapovu yatulie. Inamisha sufuria ili shira ikusanyike upande mmoja, shika tufaha kwa kijiti, lizungushe mara moja ndani ya shira mpaka karibu na kijiti, linyanyue, na uliache lichuruzike huku ukiendelea kulizungusha. Kulizungusha ndiko kunakolipa ganda jembamba na la unene mmoja. Asiyefanya hivyo hupata tunda lenye kofia nzito ya sukari upande mmoja. Liweke juu ya karatasi, kijiti kikielekea juu. Kitako kidogo cha sukari kitakachojitengeneza chini si kosa. Fanya haraka, na shira ikianza kuwa nzito irudishe kwenye moto mdogo sana kwa muda mfupi, bila kuikoroga.

Ganda hukauka ndani ya nusu saa, na hapo ndipo hewa inapoanza kudai maji yaliyofukuzwa. Sukari ya namna hii hunyonya unyevu kutoka hewani, na katika mwambao, hasa wakati wa masika, uso wake huanza kunata hata kabla wageni hawajafika. Chagua siku kavu, au chumba chenye kiyoyozi, na funga kila tufaha katika karatasi ya plastiki angavu mara tu linapopoa kabisa, ukiikaza kwa utepe kwenye kijiti. Friji haisaidii, kwa sababu ukilitoa humo unyevu utaganda juu yake na kuliyeyusha. Tena maji hayatoki hewani peke yake. Tundu la kijiti huvujisha juisi ya tunda, nayo hulila ganda kutoka ndani, na kwa sababu hiyo tufaha la sukari ni chakula cha siku ileile.

Kuna sababu ya kiafya pia ya kutoyalaza. Mwaka 2014 watu 35 nchini Marekani waliugua kutokana na bakteria wa Listeria waliokuwa katika matufaha yaliyovikwa karameli na kufungwa tayari kwa kuuzwa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba juisi inayotoka penye kijiti, ikinaswa kati ya ngozi ya tunda na karameli, huwapa bakteria hao mahali pazuri pa kuzaliana, hasa matunda yakikaa siku nyingi katika joto la chumba. Karameli ni laini na ina maji zaidi kuliko ganda gumu, lakini juisi iliyo chini yake ni ileile. Osha matunda vizuri mwanzoni, na wajawazito hasa wasile yaliyolala.

Shira itakayobaki imwage juu ya sinia lililopakwa mafuta, iache ipoe, kisha ivunje vipande vipande, nazo zitakuwa peremende za kuweka katika chupa yenye kifuniko. Sufuria usiikwangue kwa kisu. Ijaze maji mpaka juu ya alama ya sukari, tupa humo mwiko na vijiko vyote vilivyoganda, na uichemshe. Baada ya dakika kumi sukari yote itakuwa imeyeyuka yenyewe.