Upande wa giza wa Mti wa Uzima: uusome kwa njugu

Nunua nusu gorogoro ya njugu zenye maganda. Mimi huzipata Kibuye, hapa Kisumu, nikienda kutafuta bidhaa za kioski. Usichukue zilizokwisha kukaangwa, maana somo lenyewe limo kwenye ganda.

Chora duara kumi daftarini. Hizo ndizo sefiroti za Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi: njia kumi ambazo Mungu hujidhihirisha, na zote pamoja huitwa Mti wa Uzima. Keteri juu, Malkuti chini, Hesedi (fadhili) kulia, Gevura (nguvu na hukumu) kushoto, na sita zilizobaki. Ishia hapo. Mimi niliongeza mti wa pili, mweusi, kila duara na pepo wake. Shemeji akaliona daftari, akaita watu wa maombi. Baadaye nikajua kwamba mchoro ule ulipendwa sana na waganga wa siri wa Ulaya, kama wale wa Golden Dawn, chama kilichoanzishwa London mwaka 1888.

Sasa bana njugu moja ipasuke. Kiebrania huita ganda kelipa, wingi kelipoti, na ndilo jina la upande wa giza. Zohari, kitabu kikuu cha Kabala, huuita Sitra Ahra, yaani upande wa pili. Isaac Luria, mwalimu wa Kabala aliyefundisha Safed, mji wa Galilaya, hadi alipofariki 1572, alieleza kwamba nuru ya Mungu ilimiminwa katika vyombo, vikashindwa kuibeba, vikavunjika. Vigae vikaanguka na cheche zimenasa ndani. Ganda huishi kwa cheche hiyo. Ukiitoa, limebaki la kuwashia jiko.

Hapa nenda polepole: itazame ngozi nyekundu ya punje. Ezekieli 1:4 ina upepo wa dhoruba, wingu kubwa, moto, halafu mwangaza. Wakabala walisema zile tatu ni maganda machafu kabisa, na mwangaza, noga, ni ganda la nne, jembamba, lenye wema na ubaya pamoja. Ngozi hii waweza kuila na punje yake, au ukaipeta.

Mwisho, rudi kwa Gevura. Zohari huona ubaya ukitoka kwenye hukumu iliyokatika na fadhili. Mteja wa deni nikimdai, hiyo ni Gevura, na bila hiyo kioski hufungwa. Lakini mwaka jana nilimdai mama mmoja mbele ya watoto wake, nikaona raha alivyotahayari. Lile lilikuwa ganda tupu.

Mti mweusi nimeufuta. Kati ya Gevura na Hesedi nimepiga mstari wa kalamu nyekundu, na pembeni nimeandika deni lake: shilingi 240, unga na sukari.