Somo: Kupima kama kupatwa kwa mwezi kumeangukia sikukuu ya Kiyahudi

Kila mara mwezi unapopatwa karibu na Pasaka, jumbe husambaa kwenye makundi ya simu zikimtaja nabii Yoeli na "mwezi wa damu", na kudai kwamba kupatwa kulikoangukia sikukuu ya Kiyahudi ni ishara. Andiko ni la kuheshimiwa, na kwa sababu hiyo hiyo tarehe zinazoambatanishwa nalo zinastahili kupimwa kabla hazijasambazwa. Andaa vitu viwili: saa ya kilele cha kupatwa kwa saa za dunia (UTC), na tarehe ya siku ya kwanza ya Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka huo (siyo ya kanisani, hizo mbili hupishana mara nyingi).

Hatua ya 1: Ondoa sikukuu zisizowezekana
Mwezi hupatwa ukiwa mpevu tu, Dunia ikiwa kati yake na jua. Miezi ya Kiyahudi huanza na mwezi mwandamo, kwa hiyo upevu huangukia tarehe 14 au 15, pengine siku moja kabla au baada. Zinazobaki ni Pasaka (15 Nisani), Vibanda (15 Tishri) na Purimu (14 Adari), pamoja na siku ndogo kama Pasaka ya Pili (14 Iyari). Rosh Hashana (mwaka mpya) ni tarehe 1 Tishri, Siku ya Upatanisho tarehe 10, sikukuu ya Majuma 6 Sivani, Hanuka huanza 25 Kisleu. Ukisoma kwamba mwezi ulipatwa Siku ya Upatanisho, huna haja ya kuendelea na hesabu.

Hatua ya 2: Hesabu kutoka Pasaka
Purimu ni siku 30 kabla ya siku ya kwanza ya Pasaka. Rosh Hashana ni siku 163 baada yake, Vibanda siku 177. Namba hizi hazibadiliki mwaka wowote, kwa sababu miezi kutoka Nisani hadi Eluli ina siku 30 na 29 kwa kupokezana. Mfano: Pasaka ya 2025 ilikuwa 13 Aprili, basi Purimu ilikuwa 14 Machi, na siku hiyo mwezi ulipatwa kikamilifu. Mwaka 2026 Pasaka ni 2 Aprili, Purimu 3 Machi, na kupatwa kikamilifu tena 3 Machi.

Hatua ya 3: Badili saa, kisha angalia machweo
Hapa ndipo wengi hukosea. Ongeza saa 3 kwa majira ya kiangazi ya Israeli, saa 2 kwa majira ya baridi. Siku ya Kiyahudi huanza jua linapozama, kwa hiyo kupatwa kati ya machweo na saa sita usiku kunahesabiwa kwa tarehe inayofuata. Chukua 14 Aprili 2033, ambayo ni siku ya kwanza ya Pasaka. Kilele ni takriban 19:12 UTC, yaani 22:12 Yerusalemu. Jua limeshazama, 15 Nisani imekwisha, na mwezi utapatwa 16 Nisani. Kalenda ya ukutani itakuonyesha "siku moja". Kalenda ya Kiyahudi itakuonyesha siku mbili tofauti, ingawa wiki ya Pasaka bado inaendelea.

Angalizo kwa sisi tunaohesabu saa za Kiswahili: 22:12 ni saa 4:12 usiku. Maliza hesabu yote kwa mfumo wa saa 24 kwanza, kisha ubadili mara moja mwishoni.

Hatua ya 4: Uliza kama kulionekana Yerusalemu
Mwaka 2014–15 mwezi ulipatwa kikamilifu mara nne: 15 Aprili 2014, 8 Oktoba 2014, 4 Aprili 2015 na 28 Septemba 2015. Pasaka, Vibanda, Pasaka, Vibanda. Lakini mara tatu za kwanza kulikuwa mchana Israeli na mwezi ulikuwa chini ya upeo. Tena ile ya 8 Oktoba ilitokea alasiri ya 14 Tishri, Vibanda haijaanza. Ni ile ya mwisho tu iliyoonekana Yerusalemu, alfajiri ya 15 Tishri.

Hatua ya 5: Kwa mfululizo wa mara nne, tafuta mwaka mrefu
Gawanya mwaka wa Kiyahudi kwa 19. Baki ikiwa 0, 3, 6, 8, 11, 14 au 17, mwaka huo una miezi 13, na mwezi wa ziada huingia kabla ya Nisani. Kati ya mara ya kwanza na ya tatu ya mfululizo hupita miezi 12. Mwaka 5775 (wenye Pasaka ya 2015) unabakiza 18, ni wa kawaida; ndiyo maana Pasaka ya 2014 na ya 2015 zote ziliguswa. Mfululizo ujao ni 2032–33, na 5793 (wenye Pasaka ya 2033) unabakiza 17. Mwezi wa ziada unaingia katikati: 25 Aprili 2032 ni 14 Iyari, 18 Oktoba inaangukia Heshvani (mwezi unaofuata Tishri), na 2033 ndipo kupatwa kunarudi kwenye Pasaka na Vibanda.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mbona mwezi haupatwi kila Pasaka, ikiwa kila Pasaka ni mpevu?
Marahaba. Njia ya mwezi imeinama takriban digrii 5 kwa njia ya Dunia, hivyo mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli. Majira ya kupatwa hurudi kila siku 173 hivi, na Pasaka na Vibanda zimeachana siku 177. Ikiguswa moja, ya pili nayo huelekea kuguswa.

Nimehesabu nikapata 14 badala ya 15. Nimekosea wapi?
Huenda hujakosea. Rosh Hashana hairuhusiwi kuangukia Jumapili, Jumatano wala Ijumaa. Husogezwa mbele, na mwaka mzima husogea nayo. Upevu halisi hubaki pale pale.

Ndugu, vipi kuhusu 1949–50 na 1967–68? Hiyo ni Israeli mpya na vita.
Tarehe za kupatwa ni sahihi. Ila taifa lilitangazwa 14 Mei 1948, karibu mwaka mzima kabla ya kupatwa kwa kwanza, 13 Aprili 1949. Vita vya Juni 1967 vilikuja baada ya kupatwa kwa kwanza, 24 Aprili. Ishara inayoweza kutangulia au kuchelewa hivyo haikutabirii siku. Pia mfululizo wa 2003–04 haukugusa Pasaka wala Vibanda, na hautajwi kamwe kwenye jumbe hizo.

Kwa sisi Waislamu, Idi inaweza kuguswa?
Hapana. Idi-ul-Fitri ni tarehe 1 na Idi-ul-Adh-ha tarehe 10. Nisfu Shaabani, tarehe 15, inaweza. Kwa kuwa Hijria haiongezi mwezi wa kumi na tatu, kwenu hatua ya 5 haihitajiki.

Nipo Dar. Kwa 2033 nitaona nini?
Aprili 14 kilele ni saa 4:12 usiku, mwezi uko juu vizuri. Oktoba 8 hutaona kitu. Kilele ni takriban saa 7:55 mchana.