Namna ya Kumweleza Mgonjwa wa Magoti Kinachoendelea Ndani ya Gegedu

Mgonjwa anayefika kliniki akitokea Bahi au Mpwapwa huja na maelezo yake tayari: mafuta ya magoti yamekwisha, mifupa inasagana. Usimkatize, kwa kuwa maelezo hayo yana nusu ya ukweli. Kazi yako ni kuongeza nusu ya pili, yaani kwamba gegedu haliliki tu kama soli ya kiatu, bali hubomolewa pia na seli zake lenyewe.

Anza na kitu anachokifahamu. Aliyewahi kutenganisha mguu wa mbuzi kwenye maungio ameliona gegedu: ni ile tabaka nyeupe inayong'aa na kuteleza kwenye kichwa cha mfupa, ambayo ukiibonyeza kwa ukucha hubonyea kidogo, kisha hurudi. Haina mishipa ya damu wala ya fahamu. Seli zake chache hulishwa na uteute wa goti, yaani majimaji yanayolainisha maungio, unaoingia na kutoka kila goti linapobanwa na kuachiwa.

Kisha eleza ujumbe unaozifanya seli hizo zibomoe gegedu lao. Goti lililoumia, au lililoelemewa na uzito kwa miaka mingi, huachia vipande vidogo vya gegedu ndani ya uteute, na utando unaozunguka maungio huvipokea kama wavamizi, ukatoa protini za ujumbe zikiwamo intalukini-1 na TNF. Seli ya gegedu ikiupata ujumbe huo hupunguza kutengeneza kolajeni, nyuzi zinazolipa gegedu uimara, na agrekani, ile inayoshika maji, na badala yake hutoa vimeng'enya: ADAMTS-5 hukata agrekani, MMP-13 hukata kolajeni. Agrekani iliyopotea yaweza kurudishwa kwa kiasi. Kolajeni ikishakatika, ni vigumu mno. Vipande vipya navyo huuchokoza utando upya. Majina haya ni yako, si ya mgonjwa. Yeye mwambie kwamba fundi aliyekuwa akikandika nyumba ya tembe amepewa habari za uongo kuwa nyumba inaungua, naye ameanza kubomoa kuta.

Uwe mkweli kuhusu dawa. Diklofenaki hutuliza maumivu lakini haimzuii fundi huyo, na ikinunuliwa dukani mwezi baada ya mwezi hudhuru tumbo na figo. Hata dawa za kuzuia TNF, zilizowafaa sana wagonjwa wa baridi yabisi, ambao kinga ya mwili wao hushambulia maungio, hazijaleta nafuu ya namna hiyo kwa magoti ya kulika kama haya. Goti lililovimba ghafla, likawa la moto na kuandamana na homa, ni jambo jingine kabisa: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mwishoni bibi atakuuliza, "Sasa mjukuu wangu, niache kwenda shambani?" Mjibu kwamba asiache, ila apunguze kuchuchumaa na mizigo ya kichwani. Mwonyeshe hapo hapo: akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja, ahesabu hadi 5, aushushe polepole, kisha abadilishe.